Mtandao wa Mama Mkwe

Shemeji yangu, dada mkubwa wa mke wangu, akitaka kunipigia simu kutoka Wamaza hulazimika kupanda kilima kilicho nyuma ya shule anakofundisha, na ni mwanamke mnene anayethamini pumzi yake. Kwa hiyo siku ile nilipoona jina lake kwenye simu nilijua si salamu. Nilikuwa kibandani kwangu, karibu na soko la Kasongo, simu ya mteja imefunguliwa mezani. Yeye akahema kwanza vya kutosha, ndipo akasema.

“Shemeki, ile mashini yako imekatala tena.”

“Imekatala nini?”

“Imekatala yote. Iko inasema haioni njia. Mama amekaa mbele yake tangu saa nane mpaka jua likageuka. Bibi yako kule Kindu alikuwa anangoya na simu mukononi. Hawakuonana.”

“Lakini nimeitengeneza jana!”

“Umeitengeneza, ndiyo. Sasa itengeneze na ikae.”

Akakata. Niliitazama ile simu ya mteja, nikatamani kuirusha barabarani, nikakumbuka si yangu.

Niseme mapema jambo lenyewe lilikuwa nini. Mke wangu, huyo “bibi” wa maneno ya shemeji, alikuwa amelazwa hospitalini Kindu, mja mzito, na daktari alimkataza hata kusimama dirishani. Shangazi yake alikuwa naye. Mimi nilikuwa mtu wa kupanda na kushuka, Kasongo na Kindu, Kindu na Kasongo, kwa barabara ambayo nikianza kuisimulia nitatukana. Mimba mbili za kabla ya hiyo tulizipoteza. Ya pili ndiyo iliyomuumiza mama yake zaidi. Mama mkwe wangu alikuwa mkunga maisha yake yote. Nusu ya watu wanaotembea Wamaza walipita mikononi mwake kabla ya kumjua mama yao. Na siku zile za mimba ya pili, kila alipopanda kilima kumpigia binti yake, binti alimjibu, “Niko muzuri, Mama.” Kumbe miguu ilikuwa imevimba hata viatu haviingii. Alificha ili asimtie mama yake hofu. Mama alipoujua ukweli, mtoto alikuwa ameshakufa tumboni.

Tangu hapo mama mkwe hakuamini tena neno la simu. “Simu haina miguu,” alisema. Alitaka kuiona miguu ya binti yake kwa macho yake. Angekwenda Kindu mwenyewe, lakini alianguka na pikipiki mwaka ule, nyonga ikavunjika, ikaunga vibaya, na kutoka Wamaza hakuna namna nyingine ila pikipiki au miguu. Mwanamke aliyevuka mito kwa ajili ya wake za watu alibaki kitini kwake, binti yake mwenyewe akiwa mbali.

Ndiyo maana tukaingiza kompyuta. Nyumba yao imepakana na misheni, na misheni ina dishi la mtandao. Padri aliturehemu, akatuambia tutumie tu mradi jua lipo, maana dishi linakula umeme wa sola na jioni linazimwa. Nilichukua kompyuta ya mkononi ya shemeji, iliyokuwa imejaa virusi hata ukiigusa inakohoa, nikaifuta yote na kuiwekea mfumo mwingine, Linux. Mama mkwe alifundishwa na binti yake mkubwa kuiwasha, kusubiri, kubonyeza picha ya kamera. Alishika upesi. Mikono iliyozoea kutafuta kichwa cha mtoto gizani haiwezi kushindwa na kipanya.

Mimi sikumfundisha, na sababu yake wanaijua wote waliooa sehemu zetu. Mimi na mama mkwe hatukai chumba kimoja. Tukikutana njiani, mmoja wetu ataona ghafla kuna kitu cha kutazama katika nyasi. Nikifika kwake, nakaa barazani; yeye yuko jikoni, nyuma. Ananiletea kuku pamoja na firigisi yake nzima, kwa heshima, lakini sahani inaletwa na shemeji. Maneno nayo yanapita kwa shemeji, na shemeji kila neno analiongezea chumvi njiani. Nikisema, “Mwambie Mama chakula ni kitamu,” nitasikia kule jikoni, “Anasema umemushibisha mpaka hawezi kupanda pikipiki kurudi kwake.” Hiyo si chuki. Ndiyo namna yetu ya kusema kwamba mwanamke aliyemzaa mke wako si mtu wa kuzoewa.

Sasa ugonjwa wa mashine. Mtandao wenyewe haujui majina, unajua namba tu. Ukitaka kuonana na mtu aliye Kindu, kompyuta yako huenda kwanza kuuliza mashine nyingine inayojua majina na namba zake. Mafundi huiita DNS. Ni kama mgeni anayeshuka Kasongo na kumuuliza muuza mkate wa kwanza nyumba ya fulani iko wapi. Misheni ya Wamaza ilikuwa na mashine yake ndogo ya kujibu maswali hayo, iliyowekwa ofisini na fundi mmoja ambaye ameshahama. Msimu wa mvua uliotangulia, radi iliipiga ikafa. Dishi lilipona, Wi-Fi ilipona, ila kompyuta ya shemeji iliendelea kwenda kumuuliza marehemu. Inauliza, inangoja, hakuna anayejibu, inasema haioni njia.

Safari yangu ya kwanza niliifanya kwa kiburi. Kuna faili fupi inaitwa resolv.conf, ndani yake imeandikwa namba ya huyo wa kuulizwa. Niliifuta namba ya marehemu, nikaandika ya mzima, nikajaribu, mtandao ukafunguka, nikala kuku nikarudi Kasongo. Kesho yake mambo yalikuwa yamerudi yalikotoka. Nilijicheka. Hata mwanafunzi wangu wa miezi miwili angejua kwamba faili ile si bwana, ni karani: huandika inachoambiwa na programu inayosimamia mitandao, na kila ukijiunga upya huandikwa upya. Mwenye amri alikuwa juu yake, nami nilikuwa nimegombana na karani.

Safari ya pili nilikwenda kwa mwenye amri. Ndani ya programu ile kila njia ya kujiunga ina mipangilio yake na jina lake. Ile ya zamani, ya fundi aliyehama, ilikuwa na namba ya marehemu ndani. Nikatengeneza njia mpya kabisa ya Wi-Fi ile ile, nikaipa namba ya mzima, nikaiambia isimsikilize mwingine yeyote. Ya zamani niliiacha, maana sipendi kufuta kazi ya fundi mwenzangu kabla ya yangu kukomaa. Mahali pa jina niliandika jina langu, la ubatizo na la baba, kwa herufi kubwa. Ndivyo ninavyofanya siku zote. Kila betri ninayobadilisha pale kibandani ina jina langu chini yake; mteja akirudi kulalamika, najua ni mkono wangu au wa jirani.

Mtandao ulifunguka ukawa kama maji. Mimi na shemeji tukampigia mke wangu, tukamwona, akacheka. Mama mkwe alikuwa jikoni, akisubiri nitoke ndani. Nilipotoka ili aingie, misheni ilikuwa imeshazima dishi. Tukasema ni sawa, kesho atamwona.

Kesho ndiyo hiyo ya simu ya kilimani.

Nilimwomba shemeji apande tena na kompyuta yenyewe mkobani. Nilimtajia la kuandika, naye akanisomea namba iliyoulizwa mara ya mwisho. Ilikuwa ya marehemu. Nikamwambia asome tena.

“Shemeki, mimi ni mwalimu. Namba najua kusoma.”

Basi nikaanza kushuku kila kilichopo chini ya jua. Nilishuku betri, kwamba inakufa na kuisahaulisha mashine. Nilishuku kwamba mashine imejisasisha yenyewe. Nilimshuku padri, Mungu anisamehe, kwamba amegusa mitambo ya misheni. Nilichukua kompyuta nyingine pale kibandani, nikaiwekea mambo yale yale hatua kwa hatua, nikaizima, nikaiwasha, nikaing'oa betri, nikaikatia umeme ikiwa katikati ya kazi. Haikurudi nyuma. Mezani kwangu Linux ilikuwa mtumishi mwaminifu. Wamaza ilikuwa mkaidi. Mteja mmoja aliniuliza naongea na nani. Nikamjibu vibaya, akachukua simu yake akaenda kwa jirani.

Mke wangu alipiga jioni. Daktari alikuwa ameamua kumpasua Jumatatu, mtoto atoke kabla ya wakati wake, kwani presha ilikuwa inapanda na hakutaka kungoja.

“Mama anajua?” nikamuuliza.

“Nimemuambia kwa simu, wamemubeba mpaka kilimani. Ameniuliza miguu iko je. Nimemuambia iko muzuri. Na safari hii iko muzuri kweli. Lakini hakuitika. Anafikiri ninamuficha tena. Baada ya ile mara ya pili, nitamuambia nini akubali?”

Alianza kulia, na yule shangazi akachukua simu akaniambia nisimlize mgonjwa. Mimi niliyeulizwa swali ndiye niliyegombezwa. Nilikaa pale na simu sikioni hata baada ya kukatwa. Niliogopa. Niliogopa Jumatatu, na niliogopa kwamba yule mama ataingia katika siku hiyo akiamini kwamba anadanganywa, na likitokea la kutokea atakuwa hajamwona mtoto wake.

Ijumaa nilifunga kibanda, nikapanda pikipiki. Barabara ilikuwa imelowa, madereva wakitukanana kwa upendo kila mahali penye tope. Nilifika Wamaza nikiwa na rangi moja na pikipiki yangu, dishi likiwa limeshazimwa. Shemeji alinitazama kutoka mlangoni.

“Karibu, udongo. Mukwe wetu umemuacha wapi?”

Nilioga, nikala, nikalala. Asubuhi ya Jumamosi dishi lilipowashwa nilikaa mbele ya mashine. Ilikuwa imeshika njia ya zamani, ile ya marehemu. Nikaichagua yangu, mtandao ukafunguka. Nikaizima mashine. Nikaiwasha, ikashika yangu yenyewe bila kuambiwa. Nikairudia hivyo mpaka shemeji akaniuliza kama napepeta mchele. Haikukosea. Kila mara ilijiunga na yangu, ikaandika jina langu kwenye pembe ya juu ya kioo kwa herufi kubwa, ikaenda.

Hapo ndipo niliposimamisha mikono. Nikiwepo inafanya kazi, nisipokuwepo inarudi nyuma. Na haiwezi kurudi kwa njia ile ya zamani yenyewe. Lazima mtu aichague kwa mkono. Nikamuuliza shemeji nani anaiwasha mchana. Akasema ni Mama peke yake, kwani saa nane yeye yuko darasani.

Sitaficha nilichokihisi. Nilikasirika, tena vibaya, hasira ile inayokuja na aibu. Nilijua maneno yaliyosemwa Wamaza baada ya mimba ya pili. Kuna waliosema nyumba ya yule kijana wa Kasongo inakula watoto. Mama mkwe hakuwahi kulisema hilo, lakini hakuwahi kusema neno lolote nilisikie, atalisemaje? Nikawaza: mama huyu anaondoa kazi ya mikono yangu. Ninapanga, anapangua. Nimempa njia ya kumwona binti yake, naye ni afadhali asimwone kuliko kupitia kwangu. Kikulacho ki nguoni mwako, nikajiambia, nikaona nimepata ugonjwa na mchawi wake kwa pamoja.

Shemeji aliuona uso wangu. “Usikae na hilo tumboni,” akasema. “Sema.”

Nilimwambia tu: leo saa nane mwache Mama awashe mwenyewe. Kaa karibu naye, usimsaidie, tazama anagusa wapi. Mimi nitakuwa nyuma ya nyumba.

Basi saa nane nilikuwa nyuma ya ukuta wa chumba, kwenye kigogo wanachokatia kuni, chini ya kidirisha kidogo chenye wavu. Mama mkwe aliingia. Nilisikia fimbo yake, kisha benchi likalia. Nilisikia mashine inaamka. Kisha kitufe kikabonyezwa.

“Mama,” shemeji akasema, “sababu gani unatoa hapo?”

Nilisikia kitufe kikibonyezwa tena.

“Ilikuwa imeshika. Umeitoa, umechukua ile ingine. Sababu gani?”

“Zote mbili ziko zinaenda misheni,” mama mkwe akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo kuliko nilivyodhani. “Njia iko mbili. Mimi nimechukua hii.”

“Hii njo yenye kufa, Mama! Hii njo inakatala kila siku! Ile ya Shemeki njo nzima.”

Halafu alisema taratibu sana, kama mtu anayemweleza mtoto jambo la wazi:

“Pale juu kumeandikwa jina yake. Jina muzima, na ya baba yake. Sasa mimi nitakaa mbele ya jina ya mukwe wangu, niliguse na kidole, nilitazame machoni? Kila nikifungua linatokea. Nikaona aibu, nikalitoa.”

“Na hukuniambia?”

“Ningekuambia kwa kutaja nini?”

Shemeji alicheka. Alicheka kwa namna ambayo najua ilisikika misheni. Mimi kule kwenye kigogo nilishika kichwa. Hasira yangu yote ilitoka mara moja, ikaniacha mwepesi na mjinga. Mwanamke huyu alikuwa akikaa siku baada ya siku mbele ya kioo kisichofunguka, roho juu kwa ajili ya binti yake, na badala ya kunivunjia heshima mahali ambapo hakuna hata mtu mmoja anayemwona, alikubali kukaa gizani. Na mimi ndiye niliyemsimamishia jina langu mlangoni, kwa herufi kubwa.

Shemeji alizunguka nyumba akanikuta hapo, machozi ya kicheko yakimtoka.

“Umesikia?”

“Nimesikia.”

“Fundi mukubwa wa Kasongo. Jina na la baba yake. Ungeweka na picha!”

Kulikuwa na namna mbili za kumaliza jambo lile. Ya kwanza ilikuwa rahisi: kuifuta njia ya zamani, ibaki ya kwangu peke yake. Nilipomwambia hilo, shemeji aliacha kucheka. “Hatafungua mashini kabisa,” akasema. “Unamjua.” Nami nilikuwa nimeshaanza kumjua. Ya pili ilikuwa kubadilisha jina. Nikasema nitaandika “Misheni”, tumalize, jua halitusubiri. Shemeji akaingia kumwambia mama yake ampishe fundi, mama akapitia mlango wa nyuma kwenda jikoni, nami nikaingia chumbani. Nilikuwa nimeshafungua mipangilio na kufuta jina langu pale shemeji aliporudi kutoka jikoni. Alikuwa na uso ambao sijawahi kuuona kwake, hauna mzaha wowote.

“Mama anasema usiandike Misheni.”

“Niandike nini?”

“Anasema njia si ya misheni, misheni wana dishi tu. Njia umeitengeneza wewe, na yee hawezi kupita njia ya mutu kama vile haina mwenyewe. Anasema uandike ‘Papa wa Mutoto’.”

Ni lazima nieleze. Kwao, mkwe huitwa kwa mtoto wake: baba fulani, papa wa fulani. Hilo ndilo jina ambalo mama mkwe anaweza kulitamka bila aibu. Mimi sikuwa na mtoto, kwa hiyo miaka yote ile alikuwa hana cha kuniita. Nikitajwa, alisema “mutu wa Kasongo”, kana kwamba mji mzima ulikuwa na mtu mmoja. Lakini kuna jambo kubwa zaidi. Mkunga yule yule ndiye aliyekataza, katika nyumba yake na nyumba zote alizoingia, mtu kumtaja mtoto kabla hajalia. Hakuna kushona nguo, hakuna kuchagua jina, hakuna kumwita mtu baba wala mama. Mimba ni mimba mpaka siku yake. Baada ya yale mawili tuliyopoteza alikuwa mkali zaidi. Shangazi mmoja aliwahi kuleta kofia ya sufu, akarudishwa nayo mlangoni.

“Amesema hivyo yeye mwenyewe?” nikauliza.

“Yee mwenyewe. Nimemuuliza mara mbili. Amenifukuza jikoni.”

Nikaandika. Vidole vyangu vilikosea herufi, nikafuta, nikaandika tena. Nikaifuta na njia ya zamani, yule marehemu aende kwa amani. Nikazima, nikawasha, mashine ikashika, na pale juu pembeni, mahali pa jina langu, pakatokea maneno yale. Nilitoka upesi, nikazunguka nyumba, nikarudi kwenye kigogo changu.

Mama mkwe aliingia. Fimbo, benchi. Safari hii hakuondoa jina. Nilisikia ule mlio wa simu inayoita, ukaita, ukaita, kisha sauti ya mke wangu ikapasuka kutoka kwenye mashine, karibu sana, kama yuko chumbani.

“Mama! Mama, ninakuona!”

“Weka uso karibu,” mama yake akasema. Hakusalimu. Ilikuwa sauti nyingine kabisa, sauti ya kazi, na nilielewa kwa nini wanawake walimtii. “Geuka kwa dirisha, kwenye mwangaza. Fungua macho. Shusha kope hapa chini. Kichwa kinauma?”

“Hapana, Mama.”

“Unaona nyota-nyota?”

“Hapana.”

“Sasa miguu.”

Nilisikia shangazi akihangaika na simu, shuka zikivutwa, mtu akisema ngoja ngoja, imegeuka. Nilisimama kutoka kwenye kigogo. Kidirisha kilikuwa juu kuliko kichwa changu, na hata kingekuwa chini nisingethubutu.

“Leta karibu. Na ule mwingine. Sasa bonyeza hapo, juu ya mufupa, na kidole gumba. Bonyeza kwa nguvu. Shikilia. Shikilia, nimesema.”

Mimi si mkunga, lakini mara ile ya pili nilishajifunza. Ukibonyeza mguu uliovimba, shimo la kidole hubaki. Niliona lile la mara ya pili kwa macho yangu mwenyewe, Kindu, nikiwa nimechelewa. Lilikaa pale kwenye mguu wa mke wangu kana kwamba mtu amebonyeza unga uliokandwa.

“Toa kidole,” mama mkwe akasema.

Sikusikia mashine, sikusikia mke wangu, sikusikia hata shemeji, na shemeji si mtu wa kunyamaza. Nilikuwa nimeegemeza paji la uso kwenye ukuta wa udongo. Niliwaza kwamba mtandao umekatika. Niliomba uwe umekatika.

“Papa wa mutoto,” sauti ikasema.

Sikujua ni mimi. Nilidhani anasoma kilichoandikwa kwenye kioo.

“Papa wa mutoto! Uko hapo nyuma, ninajua. Ingia uone miguu ya bibi yako.”

Nilizunguka nyumba, nikavua viatu mlangoni bila kujua kwa nini, nikaingia. Alikuwa kwenye benchi, kitenge amekivuta mpaka shavuni upande wangu, macho kwenye kioo. Alisogea. Hakunitazama, alisogea tu, nafasi ya mtu mmoja ikabaki, na shemeji aliyesimama nyuma yake akanisukuma begani nikae.

Niliona miguu ya mke wangu. Ilikuwa myembamba, ya vumbi kidogo, na juu ya mfupa hapakuwa na shimo lolote. Kisha shangazi akainua simu, likapita tumbo, ambamo binti yangu, yule anayening'olea leo vitufe vya kibodi kibandani, alikuwa bado mimba tu mbele ya watu wote isipokuwa bibi yake. Kisha ukatokea uso. Mke wangu alitutazama, mimi na mama yake, tumekaa benchi moja ndani ya kioo kimoja. Midomo ikaanza kumtetemeka.

“Usilie,” mama yake akamwambia. “Utatikisa mutoto.”